Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Rutamba

Rutamba,
Mkoa wa Lindi

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya uvuvi, mazingira, elimu na mambo ya kale mkoani kwetu

YAH: PEREGE WA ZIWA RUTAMBA NA HISTORIA YA ZIWA LENYEWE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Barua zangu za awali zilipitia serikali ya kijiji, zikafika mezani, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na habari yake ikaishia hapo. Nilipofuatilia kwa miguu yangu niliambiwa jambo lipo kwenye mchakato. Baadaye nikaambiwa mwenye jalada amehamishwa kituo. Aliyempokea kiti hakulikuta jalada, akaniomba kwa upole niandike upya. Sikatai kuandika upya, ila safari hii naandika pale ambapo barua haiwezi kupotea kabatini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Kila mwaka lilikuwa likifika somo la barafu. Nachora ubaoni bonde lenye kuta wima, naeleza jinsi barafu nene inavyoteremka polepole kutoka mlimani ikikwangua miamba, na jinsi inavyoyeyuka na kuacha shimo ambalo maji hulijaza. Mfano wa Afrika Mashariki ulikuwa kijiziwa cha Teleki kule Mlima Kenya. Mfano wa vitabuni, ule unaopendwa na watunga mitihani, ulikuwa Windermere, Uingereza.

Wanafunzi wangu waliijua Windermere vilivyo. Urefu wake ni kama kilomita 17, kina chake kikubwa mita 64, na barafu iliyoichonga iliondoka takriban miaka 15,000 iliyopita. Mwenye hamu ya kujua zaidi nilimsimulia kwamba Warumi walijenga ngome kwenye ncha yake ya kaskazini, kwamba reli ilifika huko mwaka 1847 ikamwaga watalii, na kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili samaki wake waitwao perch walivuliwa kwa mitego na kutiwa makopo kwa sababu chakula kilikuwa haba. Halafu mtoto mmoja, hawa wa viti vya nyuma wasiokosa neno, anauliza: "Mwalimu, na la kwetu je?" La kwetu ni Rutamba, unafika kwa bodaboda. Kina chake? Hakuna kitabu cha shule kinachosema. Nani waliishi ukingoni kwanza, samaki wake ni wa aina gani, msitu unaolizunguka una nini? Majibu yapo, tena mengine ni ya kushangaza, lakini yote yako mbali na Rutamba.

Sina ugomvi na Windermere, na nitairudia kwa sababu ina jambo la kutufaa. Ugomvi wangu ni na hali ya ziwa letu, na nimeugawa katika hoja nne.

1. Sato wanaletwa, perege wanapotea.

Hii ndiyo hoja kubwa. Mkichoka kusoma barua hii yote, someni hii peke yake.

Mwaka 2021 jarida la kisayansi la Molecular Ecology lilichapisha utafiti juu ya perege wa maziwa matatu ya kusini: Rutamba, Nambawala na Mitupa. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, walikuta kwamba perege hawa ni wa jamii iitwayo Oreochromis korogwe. Jamii hiyo ilielezwa kitaalamu mwaka 1955, na jina lake latokana na Korogwe, mkoani Tanga. Miaka yote ilidhaniwa ni samaki wa kule kaskazini tu. Hawa wa kwetu waligunduliwa na wanasayansi kati ya 2013 na 2016. (Waligunduliwa na wanasayansi, nasema. Bibi zetu walikuwa wakiwakaanga siku zote.)

Wengine wangesema basi, labda kuna mtu aliwabeba kwa ndoo kutoka Tanga. Watafiti walilipima hilo. Walisoma vinasaba vya samaki wa pande zote mbili wakakadiria kwamba perege wa kusini na wa kaskazini walitengana takriban miaka 140,000 iliyopita. Waheshimiwa, miaka 140,000! Barafu iliyoichonga Windermere tunayoifundisha kwa heshima zote hivyo ilikuwa haijayeyuka, na ukoo wa perege hawa ulikuwa umeshashika njia yake. Hakuna ndoo hapo. Ni samaki wa huku, na wakitoweka huku hakuna mahali pengine pa kuwafuata, kwa sababu hata wale wa Tanga ni ndugu wa mbali.

Utafiti huohuo ulikuta jambo la pili, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Katika maziwa hayo matatu walikuta machotara: perege waliokwisha kuchanganya damu na sato. Sato, yule Oreochromis niloticus anayefugwa kila mahali, si wa maziwa haya. Ameletwa. Ana mwili mkubwa, anakua haraka, na anazaana na perege bila taabu. Jike la perege hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga vikiona hatari hukimbilia humohumo mdomoni. Dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi ukingoni na kukilinda. Ni hapohapo penye viota ndipo sato dume naye huchimba chake. Vizazi vichache vya namna hiyo, na ukoo wa miaka 140,000 unamezwa bila hata mfu mmoja kuelea juu ya maji. Ndiyo maana hamjapata ripoti ya maafa: hakuna kinachonuka.

Nendeni asubuhi pale wanapotua mitumbwi mtazame kwenye beseni la mama muuza samaki. Sato anajulikana kwa mkia: una mistari myembamba ya wima, imejipanga toka juu hadi chini. Sasa muulizeni mvuvi awaoneshe wale wengine, wenye mistari iliyokatikakatika, mkia huu inaonekana, ule inafifia. Wavuvi wenyewe wanawaita "si huyu si yule". Mimi si mtaalamu wa vinasaba na sitamtaja yeyote kwa jina la kisayansi kwa kumtazama mkia, lakini wazee waliokulia kwenye maji haya wanasema samaki wa namna hiyo hawakuwaona utotoni.

Wamefikaje? Kwa njia tunayoijua sote. Vifaranga vya sato hugawiwa kwa wananchi kwa nia njema, bwawa linachimbwa bondeni karibu na mkondo, picha inapigwa, watu wa mradi wanaondoka. Mvua kubwa ikija bwawa linafurika. Mlikuwepo Januari 2020, na mlikuwepo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na barabara ya Kusini ikakatika Somanga. Mvua inayokata lami ya barabara kuu haiwezi kuzuiwa na tuta la udongo la bwawa la mkulima. Mhenga alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, na mwenyeji ndiye anayezikwa.

Na si kwamba nchi hii haijawahi kuona. Ziwa Victoria lilikuwa na ngege na mbiru wake wa asili. Miaka ya 1950 wakapandikizwa samaki wageni, sato wakiwamo, na leo muulize kijana wa Mwanza au Musoma mara ya mwisho alipokula ngege. Hata Windermere yenu ya vitabuni ina kisa chake. Kuna samaki aitwaye charr, wa maji ya baridi kali, aliyebaki mle ziwani tangu enzi za barafu. Wavuvi wa starehe wakaleta samaki mwingine, roach, wakimtumia akiwa hai kama chambo. Akatoroka, akazaana, na maji yalipopata joto akashamiri huku charr akipungua. Mwaka 2002 wakapiga marufuku samaki hai wa maji yasiyo ya chumvi kutumiwa kama chambo kwenye maziwa yale. Walijua kwamba charr anapungua kwa sababu tangu miaka ya 1940 kuna watu waliokuwa wakipima ziwa lile na kuandika daftarini, msimu hadi msimu. Sisi daftari hilo hatuna.

2. Kilichochukuliwa hapa kwa ajili ya elimu hakirudi hapa.

Utafiti niliousimulia juu nimeusoma kwa Kiingereza, tena kwa msaada wa kijana aliyeko chuoni. Mvuvi ambaye samaki wake ndio walipimwa hajapata hata karatasi moja ya Kiswahili. Mwenyekiti wa kijiji hana. Shule hazina.

Wala hili halikuanza juzi. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikuwa hapa akikusanya mimea. Sampuli zake zimesambaa kwenye makumbusho ya mimea ya dunia, zikiwa na kibandiko "Lake Lutamba", yapata kilomita 40 magharibi ya Lindi, na kuna mimea iliyotambulishwa kwa sayansi kwa mara ya kwanza kutokana na majani yaliyochumwa kwenye vichaka vyetu. Sehemu kubwa ya hazina ya mimea iliyokuwa Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943. Kwa hiyo msitu wa Litipo, huu tunaoupita kwa baiskeli, umebaki kuwa daftari la asili la mambo ambayo nakala yake nyingine imeteketea. Wataalamu wa mimea ya pwani wanaujua Litipo. Wanafunzi wa Rutamba wanajua kwamba ukikata kuni mle unakamatwa, basi.

Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, iliyochimbwa Tendaguru hapa mkoani siielezi kwa kirefu, maana mnaijua na mmeshaisemea majukwaani. Kati ya 1909 na 1913 ilibebwa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi mrefu wa zaidi ya mita 13 amesimama Berlin. Niongeze moja tu: aliyewasimamia wachimbaji wetu alikuwa Boheti bin Amrani, na sijawahi kukuta mwanafunzi wa mkoa huu anayelijua jina hilo kutoka darasani. Wanamjua Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji ule. Wengine hata huyo hawamjui.

3. Wazee wanaondoka na historia ya watu wa ziwa.

Wamwera walikuwa hapa kabla ya mipaka ya wakoloni. Vita vya Maji Maji vilipita huku. Katikati ya miaka ya 1960, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipopamba moto, serikali ilifungua Rutamba makazi ya wakimbizi waliovuka Ruvuma. Walipewa majembe na ardhi, wakalima, wakavua humuhumu ziwani, wakaoa na kuozesha. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi, wengine wakabaki na ni majirani zangu hadi leo. Ziwa hili liliwalisha watu wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na hakuna hata kibao cha mbao kinachosema hivyo.

Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1965 leo ana zaidi ya 70. Hao ndio wanaojua nani alikuwa na haki ya kutega migono upande upi, wapi palikatazwa kuvua na kwa nini, maji yalipungua mwaka gani mpaka watu wakavuka kwa miguu. Kila tunapotoka makaburini tunakuwa tumefukia sura nzima. Niliomba kinasa sauti na posho ya nauli kwa walimu wawili wa kujitolea, wapite kwa wazee. Niliambiwa hakuna kasma.

4. Ukingo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Njooni na futi kamba. Mashamba yameingia hadi kwenye matete, na matete ndiyo kitalu cha vifaranga. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa inapeperuka, nasi hatujaletewa kipimo hata kimoja cha maji. Vyandarua vya mbu vimegeuzwa nyavu, na mnajua hilo vizuri kuliko mimi.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema hakuna bajeti. Kuacha kugawa vifaranga vya sato kwenye mabonde yanayoingiza maji ziwani hakuhitaji bajeti. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja na sahihi. Mtasema wananchi wanamtaka sato kwa kuwa anakua haraka na analipa. Kweli, na sitawadanganya, kwenye sahani ni mtamu. Afugwe, lakini afugwe mahali ambapo bwawa likifurika maji yake hayafiki kwenye maziwa haya matatu. Na kama kuna nia ya kweli ya kumwinua mfugaji wa Rutamba, kwa nini asizalishiwe vifaranga vya perege wa papa hapa, waliochaguliwa na wataalamu wakahakikishwa hawana mchanganyiko?

Mtasema ziwa lenyewe dogo, si Victoria wala Nyasa. Udogo ndio hatari yenyewe: kwenye ziwa dogo mgeni hamalizi muda mrefu kumfikia mwenyeji wa mwisho. Na mtu asiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Wataalamu wa TAFIRI walikuwemo, ni watumishi wa serikali yenu wenyewe; waiteni wawaeleze kwa Kiswahili mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu.

Lipo jibu moja ninalolihofia kuliko yote, nalo ni kwamba tumechelewa, damu imeshachanganyika, ya nini kuhangaika. Utafiti wenyewe haukusema hivyo. Ulionesha kwamba mchanganyiko haulingani, kuna sehemu za vinasaba zilizobaki safi zaidi, na ukashauri hatua zichukuliwe kwa haraka. Hiyo haraka iliandikwa mwaka 2021.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, usambazaji wa vifaranga vya sato usimamishwe katika mabonde yote yanayotiririsha maji kwenye Rutamba, Nambawala na Mitupa, na agizo hilo litolewe kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana baada ya hapo mabwawa yanajaa na agizo halitazuia kitu. Pamoja na hilo, mabwawa yaliyopo yahesabiwe, yale ya hatari yahamishwe, na mwenye bwawa afidiwe vifaranga. Hakufanya kosa, alipewa. Wataalamu wa uvuvi waje wapime upya, waseme ni wapi bado kuna perege asiyechanganyika, na kundi hilo lihifadhiwe kwenye bwawa maalumu mbali na sato. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha hapa kifundishwe kutofautisha samaki na kipewe daftari: tarehe, aina, idadi, urefu. Daftari na rula ya shuleni vinatosha kuanzia.

Kwa upande wa elimu, naomba kila anayepewa kibali cha kufanya utafiti kwenye maziwa haya aache muhtasari wa Kiswahili kijijini na shuleni, liwe sharti na si hisani. Walimu wa jiografia na baiolojia waruhusiwe kutumia siku ya masomo kuwapeleka wanafunzi ziwani na Litipo, na wenye dhamana ya mambo ya kale watafute hicho kinasa sauti. Nitakinunua mimi kwa pensheni yangu ikibidi, lakini nitataka risiti isomwe kwenye mkutano.

Kuhusu ukingo siombi jipya. Mita 60 ziko kwenye sheria.

Nipo tayari kuitwa, na wavuvi wapo tayari kuwapakia kwenye mtumbwi muone wenyewe. Ninachosubiri ni jibu la maandishi, lenye jina la afisa mhusika na tarehe ya kuanza utekelezaji. Likifika litabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Lisipofika kabla ya mkutano mkuu wa kijiji ujao, nitaomba nafasi kwenye ajenda na kuisoma barua hii mbele ya wananchi, hoja kwa hoja, na kila hoja tutawekea azimio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Rutamba

Nakala:
Serikali ya kijiji
Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi
Walimu wa jiografia na baiolojia, shule za sekondari za jirani